Mauger au Wigg, nani mkali zaidi?

Kwenye spidwei, yaani mbio za pikipiki za uwanjani, pikipiki haina breki, gia ni moja, watu 4 wanazunguka mara 4 kwenye uwanja mfupi, na hapo Ivan Mauger wa New Zealand alikua moto wa kuotea mbali, ubingwa wa dunia mara 6 kati ya 1968 na 1979. Lakini longitreki ni kitu kingine kabisa jamani, uwanja unafika hata mita 1000, breki hamna pia ila gia ziko 2 na spidi ni balaa, huko Simon Wigg wa Uingereza kabeba ubingwa wa dunia mara 5, na kwenye spidwei 1989 akaishia wa pili. Mauger longitreki alibeba 3. Mi kwangu Mauger.