Tailizi za vinaili za kubandika kwenye gereji ya nyumbani: nzuri, ila sio pale tairi linapolala

Gereji ninayoiongelea hapa sio ya mafundi magari, ni kile chumba cha gari kilichoungana na nyumba chenye geti lake la kukunja. Ya kwetu iko Tegeta, mita 3 kwa 6, chini ni jamvi la zege limepigwa niru, na kama nyumba nyingi za Dar hicho chumba sio cha gari peke yake, usiku gari linalala, mchana ndo kwa friza, ndo kwa kupasi, baba watoto ana meza yake ya spana kule mwisho na mvua ikinyesha watoto wanacheza humo humo. Sasa niru ikishachakaa inatoa lile vumbi la simenti lisiloisha, unafagia asubuhi jioni lipo, na tone la oili likishazama halitoki tena. Ndo nikaanza kufuatilia hizi tailizi za vinaili ambazo unabandua karatasi kwa nyuma unabandika, maana Kariakoo zimejaa na kila muuzaji anakwambia zinafaa popote. Mi nasema hivi: sehemu ya kutembea na kufanyia kazi ni kitu kizuri mno, nyota tano natoa, ila sehemu ya matairi usibandike hata ukipewa bure.

Tuanze na zenyewe. Madukani utakutana zaidi na za sentimita 30 kwa 30 zenye maua au mfano wa marumaru, na zile ndefu za mfano wa mbao. Unene nyingi ni kati ya milimita 1 na 2. Ukiiangalia kwa ubavu ni matabaka: juu kabisa kuna filamu ya uwazi ambayo ndo kinga yenyewe, chini yake filamu ya picha, halafu mwili wa PVC (plastiki ambayo ndo vinaili yenyewe) uliochanganywa na unga wa chokaa, halafu gundi. Watu wengi tunachagua picha, ila picha haikanyagwi, kinachokanyagwa ni ile filamu, kwahiyo uliza hiyo. Na hapa kuwa makini sana maana kwenye maboksi mengine wanaandika 6 mil au 12 mil, hizo sio milimita, mil moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, maana yake 12 mil ni kama milimita 0.3 tu. Kuna kijana wa duka aliniambia "dada yangu hii ni mili 12, fuso linapita", tailizi yenyewe ukiishika inajikunja mkononi. Kwa gereji mi nisingeshuka chini ya 12 mil kwa kinga na milimita 2 kwa unene wote, ukipata ya 20 mil chukua.

Bei sitaji maana inabadilika kila mzigo ukiingia, ila dai bei kwa mita ya mraba, usikubali bei ya boksi. Boksi moja lina vipande vingi vyembamba lingine lina vichache vinene, ukilinganisha boksi kwa boksi utaona ya bei chee kumbe umenunua karatasi.

Haya, matairi. Hili ndo wauzaji hawalisemi na ndo kiini cha mambo. Gari dogo kama IST lina kama tani moja, gawa kwa matairi manne, ni kama kilo 250 zimekalia sehemu isiyozidi kiganja. Kwa uzito wa kushuka moja kwa moja vinaili inavumilia, tatizo ni joto na kusokota. Umetoka mjini, jua la saa nane, lami inachemka, tairi linaingia ndani likiwa la moto, na gundi ya hizi tailizi ni ile ya kunata kwa kukandamizwa, ikipata joto inalainika. Halafu wewe unarekebisha gari likae vizuri, unazungusha usukani gari limesimama, tairi linasokota pale pale juu ya tailizi ambayo gundi yake imelegea. Inahama. Leo inahama kidogo, kesho mstari kati ya tailizi na tailizi unafunguka, vumbi linaingia kwenye gundi, na vumbi likishaingia hapo hapashiki tena milele.

Halafu kuna doa. Kwenye mpira wa tairi kuna kemikali wanazoweka ili mpira usipasuke kwa jua na hewa, zile kemikali zinahama taratibu zinaingia kwenye vinaili na kuacha doa la njano au kahawia. Lile doa haliko juu, liko ndani ya plastiki, kwahiyo sugua na jiki, sugua na sabuni ya magadi, halitoki. Nimeliona kwa jirani yetu, tailizi nyeupe nzuri kabisa ina alama nne za kahawia kama zimechorwa, sakafu nyingine yote inang'aa. Na usifikiri ukiweka mkeka wa mpira chini ya tairi umejiokoa, mkeka wa mpira nao unatia doa vile vile, hata kale kamkeka ka mlangoni chenye mpira kwa chini. Ukitaka kuweka kitu juu ya vinaili tafuta mkeka ulioandikwa kabisa kwamba hauna mpira.

Kwahiyo gawanya chumba. Gari kama IST halifiki hata mita 4 kwa urefu, ukiliegesha karibu na geti unabaki na kama mita 2 kule mwisho, mita 2 mara 3 ni mita za mraba 6, na hapo ndo penye meza, friza, na kupasi. Hapo bandika. Tailizi moja ya 30 kwa 30 ni mita za mraba 0.09, unahitaji 67, ongeza asilimia 10 za kukata pembeni na kuharibika zinakuwa 74. Sehemu ya gari acha niru yako uipige upya au weka zile tailizi nene za kufungamana, zenye meno zinashikana zenyewe bila gundi, za milimita 5 hadi 7 kwa PVC, hata tairi lisokote hazina gundi ya kulegea na kipande kikiharibika unang'oa hicho kimoja. Hazipatikani kila duka na bei yake imesimama, na za PVC nazo zinakula doa la tairi kwahiyo chukua nyeusi au kijivu iliyoiva. Kuna nyingine ni ngumu za polipropilini, plastiki ya aina nyingine, hizo hazina tatizo la doa kama PVC ila zina kelele ukitembea.

Jambo la pili kwa uzito ni unyevu, na sisi wa pwani hili ni letu. Jamvi likimwagwa bila nailoni chini yake maji ya ardhini yanapanda taratibu kupitia zege, huyaoni, yanakauka juu yakiacha ule unga mweupe wa chumvi ambao kila mtu wa Dar anaujua kwenye kuta. Ukishafunika sakafu hiyo na plastiki maji hayana pa kutokea, yanakaa chini ya tailizi, na yanatoka kwenye zege yakiwa na ukali wa simenti ambao unaila gundi. Miezi inapita safi tu, masika ikiingia kona zinaanza kunyanyuka, ukikanyaga unasikia kitu kinanata nata. Watu wanasema tailizi feki, mara nyingi ni sakafu.

Kupima ni bure. Chukua kipande cha nailoni la uwazi kama sentimita 45 kwa 45, bandika sakafuni kwa tepu kingo zote nne hewa isiingie, acha mpaka kesho yake, yaani masaa 16 au zaidi, halafu bandua. Ukikuta matone kwa chini au zege limekuwa jeusi kuliko pembeni, sakafu inatoa maji, usibandike chochote cha gundi. Fanya sehemu zaidi ya moja, hasa karibu na ukuta wa nje na kule bafu lilipo upande wa pili. Na kama unaweza pima wakati wa masika, maana kiangazi hata sakafu mbovu inajifanya nzima. Kwa wenye nyumba mpya, zege kufikisha siku 28 ni habari ya nguvu sio ya kukauka, kukauka hesabu kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na kwa hewa yetu ya Dar ongeza.

Sakafu ikipita, kazi inayobaki ni usafi na sio usafi wa kufagia. Zile sakafu zilizopakwa polishi nyekundu miaka na miaka, ile nta lazima itoke yote, gundi haishiki juu ya nta. Madoa ya oili ni hivyo hivyo, dawa ya kukata mafuta, brashi ngumu, suuza, rudia. Jaribu kudondosha maji kidogo, yakitulia juu kama shanga ujue bado kuna mafuta au nta, yakinywewa uko vizuri (niru iliyoshiba sana nayo inachelewa kunywa, hiyo ikwaruze kwanza na msasa wa zege). Nyufa na mashimo ziba na usawazishe maana vinaili ni nyembamba, mchanga mmoja tu chini yake utauona kila siku kama kipele. Halafu paka praima, ile dawa ya kupaka sakafuni kabla ya kubandika, na hapa ndo mvutano na mafundi unapoanza. Fundi wetu alisema "mama, hii ina gundi yake, praima ya nini, tunapoteza hela". Nikamwambia kaka, niru inatoa vumbi, gundi itashika vumbi badala ya sakafu, praima inalifunga vumbi kwanza. Akapaka, na alipobandika ya kwanza akajaribu kuibandua kwa nguvu ikakatika kabla haijatoka. Mtu muungwana, akasema sasa ataipaka kila kazi.

Kubandika kwenyewe sio kugumu. Maboksi yalale ndani ya chumba siku mbili kabla ili tailizi zizoee joto la humo, plastiki inatanuka na kunywea, ukizileta za moto kutoka kwenye gari ukazibandika zikija kupoa zinaacha mianya. Piga uzi uanzie katikati ya eneo, sio ukutani, kuta zetu haziko mraba. Kwenye ile karatasi ya nyuma kuna mishale, yote ielekee upande mmoja isipokuwa kama wameelekeza tofauti. Acha mwanya wa kama milimita 6 ukutani, utafunikwa na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Na ukimaliza zikandamizwe kwa rola nzito, wenye kazi zao wanatumia la kilo 45, maana hii gundi inashika kwa mgandamizo, kukanyaga kwa miguu peke yake hakutoshi. Siku za mwanzo hamna kudeki na maji, kitambaa kibichi tu.

Ukae nazo vipi? Usafi ni raha, oili ikidondoka unafuta na tishu imeisha, hiyo peke yake imenifanya nizipende. Ila petroli na thina zifute hapo hapo, zikiingia kwenye maungio zinayeyusha gundi. Brek fluidi pia isikae. Ukipiga jeki weka ubao chini. Kuchomelea humo ndani hapana, cheche inatoboa vinaili na PVC ikiungua inatoa moshi mkali wa tindikali, na kwa sababu hiyo hiyo jiko la mkaa lisikanyage hapo, tukiachilia mbali kwamba mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua. Chagua yenye mikwaruzo kwa juu, zile za kung'aa kama kioo maji yakimwagika ni kuteleza tu na kuna watoto. Sehemu ya mbele ya geti ambapo jua la mchana linapiga moja kwa moja usibandike hata kama gari halifiki, rangi inafifia na kona zinajinyanyua.

Kwa mpangaji naongeza neno, watu wanazichukua wakidhani zinatoka kirahisi. Zilizobandikwa vizuri hazitoki kirahisi, unazipasha na draya na kukwangua kipande kwa kipande na gundi inabaki kwenye niru ya mwenye nyumba. Wewe chukua za kufungamana, siku ukihama unakunja unaondoka nazo.

Ukienda kununua fungua boksi hapo hapo dukani. Bandua kona ya karatasi uguse gundi, inatakiwa inate na irudi, mzigo uliokaa sana kwenye kontena la jua gundi yake inakuwa kavu kama soletepu ya zamani, huo rudisha. Tailizi ilale flati mezani, ikiwa imekunjika kona itakusumbua. Angalia namba ya mzigo kwenye kila boksi zifanane, rangi za mizigo miwili hazilingani hata jina likiwa lile lile. Na chukua boksi moja la ziada ulilaze flati chini ya kitanda, maana mwakani ukirudi duka lile lile hilo ua hulikuti.