Stika ya kupima moyo nyumbani, tumeivalia Lamu

Kama una mtu anayezimia zimia na kila akipimwa anaambiwa yuko sawa, hii huduma ya stika ya moyo chukueni, nasema wazi manake mamangu ameivaa hapa Langoni na tumeona kazi yake. ECG ya kawaida hospitali, kile kipimo cha umeme wa moyo, inarekodi kama sekunde 10 tu, sasa moyo unaokorofisha mara moja moja zitaunasa wapi? Ile Holta ya waya, mashine ndogo ya kurekodi moyo unayotembea nayo, nayo mara nyingi ni masaa 24 au 48, unarudisha, majibu safi, wiki ya pili mtu yuko chini tena na majirani washaanza maneno ya majini.

Stika inabandikwa kifuani kushoto, nyingi zinakaa mpaka siku 14, inarekodi kila pigo usiku na mchana na kutuma kupitia simu. Ina kitufe, ukihisi kizunguzungu au macho yakiingia giza unabonyeza, daktari akija kusoma anaona dakika uliyobonyeza moyo ulikuwa unafanya nini. Hapo ndo penye thamani. Mama alianguka jikoni, dadangu akabonyeza, ikaonekana moyo ulitulia sekunde kadhaa bila kupiga, ndo daktari akaanza kuzungumzia pesimeka, kifaa kinachowekwa mwilini kuusukuma moyo upige. Na hata ingeonekana moyo unapiga vizuri wakati ameanguka, hilo nalo ni jibu, mnaenda kutafuta kwengine, labda presha inashuka akisimama.

Kilichoniudhi ni kliniki tulokodisha. Walituambia kuna mtu anaangalia saa zote, kumbe ripoti inasomwa saa za kazi tu, alianguka jioni wakatupigia kesho yake! Huyo ni mama wa mtu jamani. Kwa hivyo kabla hujalipa uliza nani anasoma, saa ngapi, na atampigia nani. Stika si ambulansi, na sisi wa kisiwani mpaka boti ivuke hadi Mokowe, upande wa bara, unajua ilivyo. Anayezimia akiwa anafanya kazi nzito au na maumivu ya kifua asingoje stika, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Joto la kaskazi nalo linaitesa gundi, ngozi inawasha, hakikisha wanakupa ya akiba. Netiweki mjini haikutusumbua.

Ila kama mgonjwa wako anazimia mara moja kwa miezi mingi usitupe pesa hapa, muulize daktari kuhusu kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, kinarekodi miaka 3 hivi au zaidi.