Programu ya fedha iliyoandika "Umefanikiwa" bila OTP: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Jina la programu silitaji kwa makusudi: kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya wa usalama, kimeshatoka, lakini zipo kampuni ambazo sasisho hukaa foleni muda mrefu kwa kuogopa kuvuruga ufungaji wa hesabu za mwezi, na sitaki kumwonyesha mtu mlango wao.

Mimi ni mhasibu, upande wa malipo ya wazabuni. Kwa kazi za kila siku programu hii sina ugomvi nayo. Usuluhishi wa benki unakwenda haraka, ankara iliyoingizwa mara mbili inakamatwa kabla haijamfikia mwidhinishaji, na anayeandaa malipo hawezi kuyaidhinisha mwenyewe hata awe meneja. Kasoro ndogo hazikosekani. Utafutaji, kwa mfano, hautambui namba ya ankara yenye mkwaju (/). Hizo tumeshazizoea.

Sasa tuje kwenye kuingia. Unaandika jina la mtumiaji na nywila, kisha unaletewa ukurasa wa pili unaotaka OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja, ya tarakimu sita kutoka kwenye simu. Namba inabadilika kila sekunde 30, na ukikosea mara kadhaa akaunti inajifunga. Ukiangalia juujuu, huna la kulalamikia.

Siku hiyo mwenzangu ambaye ni mwidhinishaji simu yake iliisha chaji, na malipo yanamsubiri. Akaandika nywila, ukurasa wa OTP ukaja, naye kwa mazoea akabofya alamisho aliyoihifadhi kwenye kivinjari, ile inayompeleka moja kwa moja kwenye orodha ya malipo ya kuidhinisha. Orodha ikafunguka. Vitufe vya "Idhinisha" vyote viko hai, kijani kibichi.

"Dada, hebu njoo uone," akaniita. "Imeniingiza, na simu yangu imezima."

Kaka yetu wa TEHAMA alirudia jambo lilelile kwenye mfumo wa majaribio, likakubali. Maelezo yake ni haya: seva ikishapokea nywila sahihi, ilikuwa inatoa kuki (alama ndogo ambayo kivinjari hukaa nayo ili seva imtambue aliyeingia) ya kikao kilichokamilika, chenye haki zote za mtumiaji, halafu ndipo inampeleka mtu kwenye ukurasa wa OTP. Kurasa nyingine zilikuwa zinauliza tu kama mtu ana kikao. Hakuna hata moja iliyouliza kama hatua ya pili ameimaliza. Kwa hiyo ukurasa ule wa OTP ulikuwa mlinzi aliyesimama getini kwenye kiwanja kisicho na uzio.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Nilifungua kumbukumbu za kuingia nione mfumo umeandika nini. Mstari wa mwenzangu ulikuwepo: jina lake, saa, anwani ya IP ya ofisini, na mwisho kabisa safu ya "Uthibitisho wa hatua ya pili", ndani yake neno "Umefanikiwa". Umefanikiwa vipi, na simu iko kwenye mkoba imezima? Baadaye ikabainika kwamba safu hiyo haikuwa inaandika tukio lolote. Ilikuwa inasoma mpangilio wa akaunti. Mtumiaji akiwa amewekewa OTP, basi kila anapoingia inaandikwa amefanikiwa, awe ameandika namba au hajaandika.

Watu wa usalama wa mifumo watasema mwanya ndio jambo kubwa na kumbukumbu ni la pembeni. Kwangu mimi ni kinyume. Mwanya unazibwa, kesho maisha yanaendelea. Kumbukumbu ndizo ninazomkabidhi mkaguzi akiniuliza nani aliidhinisha. Tuseme mtu ameiba nywila mbili, ya mwandaaji na ya mwidhinishaji, akabadilisha akaunti ya benki ya mzabuni na kupitisha malipo. Ripoti yetu ingeonyesha wafanyakazi wawili, kila mmoja na simu yake mkononi, wamekubaliana. Wangejiteteaje hao? Ushahidi wote ungewageukia, na umetolewa na mfumo wetu wenyewe.

Jibu la kwanza la kitengo cha huduma kwa wateja lilikuwa kwamba tatizo ni la kiwango cha chini, kwa kuwa mvamizi bado anahitaji nywila. Hapo niliudhika kweli. Hatua ya pili iliwekwa kwa sababu nywila huvuja: kuna barua pepe za ulaghai, kuna watu wanaotumia nywila moja kila mahali. Kama nywila inatosha, moduli ya OTP walituuzia ya nini? Maana ile ilikuja na bei yake, nje ya leseni.

Tukaandika upya, safari hii kwa barua rasmi na video ya skrini, na mambo yakabadilika. Kiraka kilipokuja kilikuwa kazi safi, hilo niwape haki yao. Sasa baada ya nywila seva inatoa kikao cha muda ambacho hakifungui kitu chochote isipokuwa ukurasa wa OTP, na namba ikikubaliwa kuki inabadilishwa. Vikao vyote vya zamani vilifutwa. Tulijaribu tena alamisho ileile, ikaturudisha mwanzo.

Kwa mwanya wenyewe sikuwakata nyota. Wakubwa nao yamewakuta, tena mabaya zaidi. Julai 2020 SAP, kampuni kubwa ya programu za biashara, ilitoa kiraka cha CVE-2020-6287 (CVE ni namba ya kutambulisha udhaifu wa programu), udhaifu ambao watafiti wa usalama wa Onapsis waliuita RECON: alama 10 kati ya 10 kwa ukali, na mtu aliyeifikia seva kupitia mtandao angeweza kujitengenezea mtumiaji mwenye mamlaka ya juu bila nywila yoyote. Oktoba 2025 Oracle ilitoa tahadhari kuhusu CVE-2025-61882 kwenye E-Business Suite, programu yake ya fedha na biashara, alama 9.8, nao haukuhitaji kuingia, na wavamizi walikuwa tayari wanautumia.

Nyota moja nimeikata kwa lile jibu la kwanza. Nyingine ni ya kumbukumbu za zamani. Mistari yote ya kabla ya kiraka bado inasema "Umefanikiwa". Sikuomba ifutwe, kumbukumbu hazifutwi. Niliomba ripoti inapochapishwa iwe na maelezo mafupi kwamba hadi toleo fulani safu hiyo ilionyesha mpangilio, si tukio. Wakaishia kubadilisha kichwa cha safu. Mkaguzi wetu ameikataa safu hiyo kwa kipindi chote cha kabla ya kiraka, na tunalinganisha kila idhini na uthibitisho wa benki pamoja na barua pepe za siku husika, mstari kwa mstari. Muuzaji hajasema lolote kuhusu gharama ya kazi hiyo.

Unayetaka kununua programu ya namna hii, omba mfumo wa majaribio na ruhusa ya kuujaribu. Weka nywila, ukifika kwenye OTP usiandike kitu, bandika anwani ya ukurasa wa malipo uone. Hata ikikukatalia, fungua kumbukumbu usome zimeandika nini kuhusu jaribio lako.