Duka la juisi na unga wa lishe hapa Moshi: msosi kuleni, kopo la tezi dume liacheni kaunta

Naanza na maksi ili mwenye haraka asepe mapema: chakula 9 kati ya 10, juisi 7, huduma 8, kopo la unga wa "tezi dume" 2, na hizo 2 nimetoa kwa ajili ya kifuniko maana kinafunga vizuri kweli.

Duka liko upande wa Mbuyuni, jina siliweki maana sina nia ya kumharibia mtu biashara. Mbele ni kaunta ya juisi, nyuma kuna meza chache za kulia, na ukutani ndo kuna shelfu ya makopo na vipakti vya unga, juu yake bango kubwa la kijani limeandikwa IMETHIBITISHWA KITAALAMU KUUA SELI ZA KANSA YA TEZI DUME, na picha za nyanya, manjano, brokoli, komamanga na majani ya chai. Nilienda na baba mdogo, ye tezi yake imevimba na anatumia vidonge vya hospitali, na bango lile alilisoma kabla hata hajavuta kiti.

Tuanze na msosi maana ndo kitu wanachokiweza. Ndizi nyama yao inakuja na rojo ya nyanya pembeni kwenye kibakuli, na rojo ile aisee, nyanya zimeiva mpaka zimelegea, zimekaangwa na kitunguu kwenye mafuta ya alizeti hadi mafuta yamepanda juu na kugeuka rangi ya chungwa. Hiyo rangi ndo mambo yenyewe. Ni laikopini, ile kemikali inayoipa nyanya wekundu, na inapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo ukiipika na mafuta mwili unaidaka vizuri kuliko ukitafuna nyanya mbichi. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia wanaume zaidi ya 47,000, waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara 10 kwa wiki walionekana kupata kansa ya tezi dume kwa kiasi pungufu kama asilimia 35 hivi ukilinganisha na wale waliokula kwa nadra, na kilichoonyesha nguvu zaidi pale ilikuwa sosi ya nyanya iliyopikwa, juisi ya nyanya haikuonyesha kitu. Sasa cha ajabu kwenye menyu yao juisi ya nyanya mbichi ndo imewekewa alama ya moyo na maneno "kinga ya tezi", halafu rojo haijasemwa chochote, inatolewa bure na ndizi!

Ila msikimbie nayo hiyo asilimia 35. Ule ni ufuatiliaji tu, mtu anayekula mboga sana huwa na mambo mengine mengi anayofanya tofauti na mwenzake, na mwaka 2007 wataalamu wa FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walipitia tafiti zote za laikopini wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika kwamba laikopini yenyewe inapunguza kansa ya tezi dume. Kwa hiyo rojo naisifia kama rojo.

Sasa bango. Kusema kweli halidanganyi kwa herufi, linadanganya kwa kilichoachwa. Hizo seli zinazouawa ni seli za maabara. Maarufu ni tatu, moja inaitwa PC-3 ilitoka kwenye mfupa wa mzee wa miaka 62 ambaye kansa yake ilishasambaa, nyingine DU145 ilitoka kwenye ubongo wa mgonjwa, ya tatu LNCaP ilitoka kwenye tezi ya limfu, zote za miaka ya 1970, wenyewe walishafariki zamani ila seli zao zinaendelea kukuzwa kwenye visahani vya maabara dunia nzima mpaka leo. Ukimimina kurkumini ya manjano kwenye kile kisahani seli zinakufa, ukimimina salforafeni ya brokoli zinakufa, jenistini ya soya, katekini za chai ya kijani, zote zinafanya kazi. Hata spiriti ya kidonda ukimimina zinakufa. Swali ni kiasi gani kinafika kwenye tezi ya mtu aliyekunywa, na hapo ndo bango limenyamaza kimya.

Chukua manjano, maana ndo yamejaa kwenye kopo lao mpaka unga wote ni njano. Unga wa manjano wa kawaida una kurkumini kama asilimia 3 tu, kijiko kidogo cha gramu 3 kinakupa miligramu 90 hivi. Sasa kuna watu walimezeshwa gramu 8 za kurkumini tupu kila siku, gramu nane jamani, na bado kwenye damu ilionekana kidogo sana, chini ya kile kiwango kinachotumika kuua seli kwenye kisahani, sababu utumbo haupitishi na ini linaivunja fasta. Pilipili manga inasaidia, huko India mwaka 1998 walionyesha kwamba ukichanganya kurkumini na piperini ya pilipili manga ufyonzaji unapanda mara 20, lakini mara 20 ya kitu kidogo mno bado haikupeleki kule kwenye kisahani. Na kwenye kopo lao pilipili manga haimo! Nimesoma lebo mara mbili mbili, wameandika manjano, mbegu za maboga, soya, brokoli "na mimea mingine".

Hiyo "na mimea mingine" ndo imenifanya nitoe 2 na sio 4. Marekani kulikuwa na dawa ya kapsuli inaitwa PC-SPES, mchanganyiko wa mitishamba minane, wagonjwa wa kansa ya tezi dume waliitumia na kweli PSA zao, yaani kile kipimo cha damu cha tezi dume, zilishuka, watu wakashangilia, kumbe walipopima ndani wakakuta dawa za viwandani zimechanganywa, ikiwemo homoni ya kike ya kutengenezwa na warfarini ya kuzuia damu kuganda, mwaka 2002 ikaondolewa sokoni. Sisemi kopo la Moshi lina vitu hivyo, nasema ukiuza kitu elfu 45 lazima uandike kila kilichomo, na namba ya usajili mi sikuiona popote kwenye lebo.

Wanauza pia vidonge vya vitamini E kutoka nje, vimepangwa shelfu hiyohiyo chini ya bango hilohilo, na hapa nilikasirika kidogo. Vitamini hii ilifanyiwa jaribio kubwa kabisa, linaitwa SELECT, lilianza 2001, wanaume zaidi ya 35,000, likasimamishwa 2008 kwa kukosa faida, na 2011 ikatangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata kansa ya tezi dume ZAIDI kwa asilimia 17. Yaani kitu kinachojulikana kuongeza kinauzwa chini ya bango la kuua.

Kwenye chai ya kijani wana nafuu. Italia mwaka 2006 walijaribu katekini kwa wanaume 60 ambao seli za tezi zao zilishaanza kubadilika ila hazijawa kansa, baada ya mwaka kwenye kundi la katekini alipata kansa mmoja kati ya 30, kundi lingine tisa kati ya 30, kila mtu akaruka juu, halafu jaribio jingine lililofuata Marekani halikuona tofauti ya maana. Kikombe chao elfu moja mia tano, kina limao na tangawizi, kinywe tu ni kitamu. Komamanga hadithi ni hiyohiyo, na glasi yake hapo ni elfu saba, bei imechangamka sana.

Halafu kuna gome. Wana vipakti vya gome la mkondekonde, wazee wa Kilimanjaro mnaujua huo mti, na huu una historia ya kweli, Ulaya gome lake limekuwa likitengenezewa dawa ya tezi iliyovimba tangu miaka ya 1960, tafiti zimeonyesha linapunguza kidogo ile shida ya kuamka usiku na mkojo kukatakata, na kuna kemikali ndani yake, asidi atrariki, ambayo kwenye seli za maabara inaziba mlango wa homoni ya kiume. Ila kuvimba kwa tezi na kansa ya tezi ni vitu viwili, mkojo unaweza kutoka vizuri huku kansa ipo palepale. Na mti wenyewe ulichunwa hovyo Afrika nzima mpaka mwaka 1995 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, biashara yake nje ya nchi inahitaji kibali. Nilipouliza gome linatoka wapi nikaambiwa "juu huko".

Huduma nimewapa 8 kwa sababu ya mama mwenye duka. Binti wa kaunta alimwamkia baba mdogo vizuri, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, baba mdogo akauliza, "Sasa hii natumia pamoja na vidonge vyangu au?" Binti akamjibu, "Mzee wangu ukianza hii, vidonge utaviacha mwenyewe taratibu." Mama alikuwa anakata mapapai kule nyuma, akasikia, akaja na kisu mkononi: "We binti, vidonge vya hospitali vya mzee sisi hatuvigusi. Baba, endelea na dawa zako, tarehe ya kliniki ikifika nenda." Baba mdogo akacheka, kopo akalirudisha, akaagiza ndizi nyingine. Nilimwambia mama basi bango lile litoe, akasema limetengenezwa na anayemletea makopo, atalifikiria. Bado lipo.

Kwa wanaume wa 45 kwenda juu, hasa kama baba au kaka alishaugua, kipimo cha PSA muulize daktari, hospitali ya KCMC wana wataalamu wa mkojo na hapo si mbali.

Ukienda agiza hivi: ndizi nyama na uombe rojo ya kuongeza, juisi ya tikiti au ya mapera yale mekundu ndani, zote zina laikopini nazo, na useme mapema wasitie sukari maana wasipoambiwa wanamimina. Juisi ya balungi kama unatumia vidonge vya presha kama nifedipini iache, inapandisha dawa kwenye damu kupita kiasi. Lipa namba ipo, parking hamna, na Jumamosi ndizi zinaisha kabla ya saa nane.