Uzoefu wangu: nimelipia wageni wa websaiti, nikatumia na vya bure, hivi ndo nilivyoona

Niko Moshi, mimi na shemeji yangu tuna kaofisi kadogo ka safari za siku moja. Hatupandishi watu mlima, hiyo biashara ina wenyewe na inataka mtaji, sisi ni Materuni kwenye maporomoko na kahawa, Chemka kuogelea, Marangu kuzunguka vijijini, basi, mgeni anatoka asubuhi jioni yuko hotelini kwake anakula. Websaiti tunayo muda mrefu tu ila ilikuwa imekaa kama haipo. Sasa kuna watu kama watatu wa ofisi za jirani wameniuliza kwa nyakati tofauti ile huduma ya "tunakuletea trafiki", yaani watu wa kuingia kwenye websaiti yako, kama ni ya kweli, na hivi vitu vya bure vya Google kama vina maana kwa mtu mdogo, nimeona bora niandike mara moja kuliko kurudia rudia.

Naanza na ile ya kulipia. Jina la jamaa sitaji, kwanza sio yeye peke yake, wako wengi na maneno yao ni yale yale. Alitutafuta yeye WhatsApp, akatuma picha za grafu zinapanda kama ngazi, akasema kwa laki tatu anatupa wageni elfu kumi wa websaiti kwa mwezi, anatusajili kwenye injini za kutafutia mia tano, anatuwekea maneno muhimu (yale watu wanayoandika wakitafuta), na linki kibao juu yake, yaani saiti nyingine zielekeze kwetu. Shemeji akalipa. Na kweli jamani, grafu ilipanda! Wiki ya kwanza tu ilisimama kama nguzo ya Tanesco. Simu ndo haikulia. Shemeji anakaa anaiangalia, "Shem, hawa watu elfu wanaingia halafu wanaenda wapi?"

Ikabidi nifungue Google Analytics, kile kifaa cha Google cha kuhesabu wageni wa saiti, nisome vizuri sio kuangalia mstari tu. Wageni karibu wote wametokea mji mmoja, Ashburn, Virginia, huko Marekani. Wanafungua ukurasa wa mwanzo, sekunde haiishi wametoka, hakuna aliyegusa ukurasa wa pili, hakuna aliyeshuka hata chini kuona bei, na wote wako kwenye kompyuta, simu hakuna, wakati wageni wetu tunaowajua karibu kila mtu anatushika kwa simu akiwa kitandani hosteli. Nikatafuta Ashburn ni wapi, kumbe ndo sehemu inayojulikana dunia nzima kwa kujaa data center, yale majengo ya kutunzia kompyuta za mtandao. Yaani zile ni mashine zinapiga hodi zinakimbia, hamna mtu pale. Ni sawa na kumlipa mtu akujazie duka, naye anakuletea watu waliokimbia mvua.

Mengine aliyofanya nayo nikayafuatilia moja moja maana laki tatu sio hela ya kuokota. Injini mia tano za kutafutia, we mwenyewe jiulize unazijua ngapi, mzungu anatumia Google, wachache Bing, na hizo zote zinaikuta saiti yako zenyewe kwa kufuata linki au ukizipa ramani ya saiti, hakuna cha kusajiliwa kwa hela. Maneno muhimu aliyoweka nilienda kuyaangalia kwenye code ya ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yanayoutengeneza, kaandika Kilimanjaro, Serengeti, Zanzibar, Ngorongoro, bei nafuu, bei nafuu sana, vyote kwenye ile tagi iliyojificha ambayo Google walishasema wazi tangu mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Mwaka 2009! Na Zanzibar sisi hatuendi.

Linki ndo zilinikera zaidi. Zilitoka kwenye saiti za kamari na za kuuza vidonge, za lugha hata sizijui. Linki ina thamani, hilo ni kweli, Google yenyewe ilianza hivyo, Larry Page na Sergey Brin wakiwa Stanford walipanga kurasa kwa kuangalia nani anamtaja nani, lakini linki za kununua ziko kinyume na masharti yao na tangu sasisho lao la 2012 lile la Penguin wamekuwa wakizishughulikia. Nilikimbia kuangalia kama tumepigwa adhabu, kuna sehemu maalum ya kuangalia, ikawa safi, nikaziacha kama zilivyo kwa sababu maelezo yao wenyewe yanasema mara nyingi linki za takataka zinapuuzwa tu.

Halafu ikafika Juni, meseji zikaongezeka kidogo, jamaa huyo akaja na kifua mbele, "mmeona kazi yangu, tuongeze mwezi mwingine?" Kaka, Juni hapa Moshi hata ukilala mlango wazi mzungu anaingia. Search Console, kifaa cha Google cha kuonyesha saiti yako inavyotokea kwenye utafutaji, inakaa na data ya miezi 16 kwa hiyo nikalinganisha Juni na Juni ya mwaka uliopita, hakuna tofauti ya maana, ni msimu tu umefika. Ukitaka kumpima mtu wa namna hii usilinganishe Juni na Aprili, utamlipa kwa kazi ya hali ya hewa. Nyota zangu kwa hii huduma ni sifuri, ningekuwa na chini ya hapo ningeweka.

Sasa Search Console. Hii ni bure, na kwa mimi ndo kitu kilichobadilisha mambo japo sio kwa haraka. Kuiunganisha unathibitisha kwamba saiti ni yako, njia nzuri ni kuweka rekodi ya TXT (kaandishi kafupi ka uthibitisho unakopewa na Google) kwenye domeni, yaani lile jina la saiti yako, na hapo ndo utajua domeni yako iko mikononi mwa nani, yetu ilikuwa kwenye email ya kijana aliyetengeneza saiti na kumpata ilikuwa kazi, hakuwa na ubaya ila alikuwa kahamia Dodoma na simu kabadilisha. Mwambieni fundi wenu tangu siku ya kwanza domeni iandikwe kwa email ya ofisi.

Ukishaingia inakuonyesha watu wameandika nini Google mpaka saiti yako ikatokea, imetokea mara ngapi, imebonyezwa mara ngapi, na wastani wa nafasi uliyokaa. Mimi nilifikiri watu wanatafuta "kampuni bora ya safari Moshi." Wapi! Wanauliza vitu vya kawaida kabisa. Chemka unafikaje kutoka Moshi. Maji yake ni ya moto kweli. Mtoto anaweza kuogelea. Materuni unatembea muda gani, kuna utelezi? Na sisi tulikuwa tunatokea kwenye hayo maswali ila ukurasa wa pili huko, nafasi ya 17, ya 20, ambako hakuna mtu anafika, kwa sababu ukurasa wetu wa Chemka ulikuwa na picha tano na mistari miwili ya mbwembwe kuhusu paradiso iliyojificha.

Nikakaa jioni nikaandika upya kama vile namjibu mgeni aliyesimama mbele yangu. Kwamba inaitwa chemchemi ya maji moto lakini maji ni vuguvugu, sio ya kuchemsha yai, ni masafi mpaka unaona chini, kuna mizizi ya miti na kamba ya kujirusha, kuna samaki wadogo wanadonoa miguu, wikiendi panajaa vijana na muziki kwa hiyo ukitaka utulivu nenda asubuhi siku ya kazi. Nikaandika na namna ya kwenda mwenyewe, unapanda gari za Arusha unashuka Boma Ng'ombe, pale unachukua bajaji au boda kwenye barabara ya vumbi, panga bei na ya kurudi kabisa kabla hujapanda. Shemeji aliposoma hapo akaruka, "Shem we vipi, unawafundisha watu kutukimbia?"

Nikamwambia tuache tuone. Kilichotokea ni kwamba mtu anasoma habari ya Boma, bajaji, vumbi, bei ya kurudi, anawaza, anaona we unayajua mambo, anakuandikia umpeleke. Sio wote, wenye bajeti ndogo wanaenda wenyewe na ni haki yao, wengine wanarudi kututafuta kwa Materuni. Ule ukurasa ulipanda taratibu mpaka ukaingia wa kwanza, na sahivi ndo unaoingiza watu wengi kuliko ukurasa wa mwanzo. Angalizo, data yake kamili inachelewa kama siku mbili, kwa hiyo usiandike asubuhi ukaanza kurifreshi mchana, utaumwa kichwa bure.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu wa trafiki atakwambia. Alikuja Mholanzi mmoja kwa miguu mpaka ofisini, jasho linamtoka, akasema nimebonyeza kitufe chenu cha WhatsApp mara kibao simu inasema namba sio sahihi. Tukacheki wote kwenye simu yake. Kijana aliyetengeneza saiti aliandika linki ya wa.me ikifuatiwa na 07 na kuendelea, kama tunavyopeana namba mtaani. Ile linki inataka namba kamili ya kimataifa, 255 halafu namba, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Watu wamekuja kwenye saiti kwa miguu yao, wamesoma, wamependa, wamefika mlangoni wamekuta kufuli, na sisi tunahangaika kununua wengine! Nilirekebisha dakika ile ile kwenye simu na siku hiyo hiyo usiku simu ikalia. Kabla hujatoa hata mia kumtafuta mgeni, chukua simu ya mtu mwingine, isiwe na namba yako, ubonyeze kila kitufe kwenye saiti yako.

Hapo hapo nikapima na spidi kwa PageSpeed Insights, ya bure pia, nayo ikatoa alama nyekundu ya aibu. Sababu ni picha, tulipandisha moja kwa moja kutoka kwenye simu, moja ina MB 6. Mgeni yuko kwenye wifi ya hosteli wanayogombania watu ishirini, atasubiri? Nikazipunguza zote nikazibadilisha kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, sahivi hakuna inayozidi KB 200, na kwa macho huoni tofauti.

Profaili ya biashara ya Google, ile inayokutokeza kwenye ramani, kwa ofisi kama yetu naipa nyota tano na kama una muda wa kitu kimoja tu anza na hii hata kabla ya websaiti. Sisi kuthibitisha tulitakiwa turekodi video moja isiyokatwa inayoonyesha mtaa, bango la ofisi, na ndani mnavyofanya kazi. Bango lenyewe hatukuwa nalo, tulikuwa na karatasi mlangoni, ikabidi tukamtafute mchoraji atuchoree la bati, kwa hiyo jiandae. Baada ya hapo inakuonyesha wangapi wamepiga simu kutoka pale na wangapi wameomba uelekeo, na wengi ni watu ambao tayari wako Moshi, wamemaliza mlima miguu inauma wana siku moja mbili kabla ya ndege, hao ndo mteja wangu haswa.

Maoni ya wageni ndo mafuta yake. Tulijaribu kumuonyesha mgeni QR kwenye gari tukirudi kutoka Materuni, anaskani halafu hana bando, anasema nitafanya baadaye, hafanyi. Sasa tunamtumia linki ya maoni WhatsApp jioni na picha zake akitwanga kahawa kwenye kinu, anaipokea akiwa na wifi, kachangamka, anaandika pale pale. Usiwape punguzo ili waandike, imekatazwa na Google, na usinunue. Yule yule jamaa wa trafiki alikuwa na ofa ya maoni hamsini ya nyota tano, watu hamsini ambao hawajawahi kuiona Uru, huko Materuni iliko, watasema nini, kahawa ilikuwa tamu? Aliyetupa nyota tatu kwa sababu chakula kilichelewa nilimjibu kwa heshima, kilichelewa kweli, na kuna mgeni alikuja akasema jibu lile ndo lilimfanya atuchague.

Matangazo ya kulipia ya Google nimeyagusa kidogo, nyota tatu, maana yanataka akili. Unalipia kila klik kwa hiyo klik ya mtu asiye mteja ni hasara yako. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu nikiweka kiasi kidogo kwa siku, nikachora duara la Moshi mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kuna sehemu imejificha kwenye mipangilio ya eneo inayokuja ikiwa imechagua watu walioko hapo pamoja na wanaopendezwa na hapo, nikaacha walioko tu, sina haja ya mtu aliyeko Ujerumani anayeota mlima mwakani. Nikazuia na maneno kama ajira, mshahara, kujitolea, kwa sababu vijana wetu wanaotafuta kazi za upagazi nao wanabonyeza, na sio kosa lao. Ikileta wageni wawili watatu kwa wiki wakati wa msimu inajilipa. Aprili na Mei nazima kabisa, mvua za masika zikishaanza barabara ya Uru ni matope na hosteli ziko tupu, unalipia klik ya nani. Nawasha tena Juni wageni wakianza kushuka KIA.