Kozi fupi ya umeme wa majumbani: uzoefu wangu wa miezi 3

Nimeuza waya dukani hapa Dodoma miaka 4 bila kuuchuna hata mara moja kwa mkono wangu. Mteja akisema "nipe 1.5 roli moja na 2.5 roli moja", yaani unene wa waya kwa milimita za mraba, namkatia risiti, basi. Nilijua 1.5 ni ya taa na 2.5 ni ya soketi kwa sababu mafundi ndivyo wanavyoagiza. Mwaka jana nikajiandikisha kozi ya jioni kwenye chuo kidogo cha ufundi jirani na dukani. Ada nililipa kwa awamu 2.

Wiki ya kwanza ilinivunja moyo. Tulinakili tu: volti 230, waya wa laivu (unaoleta umeme) kahawia, nyutro (unaoukamilishia njia ya kurudi) buluu, erthi (wa usalama, unaokwenda ardhini) kijani na njano, na kwamba nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi. Wiki ya pili tukaingia karakana, na hapo nikaona thamani ya pesa yangu. Kila watu 2 walipewa ubao uliosimamishwa ukutani, breka ya kukata umeme, swichi, holda ya balbu na vipande vya waya. Mwalimu anaonyesha mara moja, halafu anawaachia.

Mwenzangu alikuwa kijana aliyewahi kuwa saidia fundi kwenye majengo. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu, ila mchoro ulimtoa jasho. Mimi mchoro nausoma, lakini kila nikichuna waya nakata na shaba yake. "Dada, usiuminye, uzungushe," akaniambia, akanishikisha plaizi upya. Nami nikamlipa kwenye swichi za njia mbili, zile za ngazini, unawasha chini unazimia juu. Alikuwa anaingiza laivu kwenye tundu lolote kati ya yale 3, taa inakubali leo upande huu, inagoma upande ule. Nikamtoa uani nikamchorea mchangani: barabara moja inafika njia panda, zinatoka mbili, zinakwenda kukutana njia panda ya pili, ndipo moja inaelekea kwenye taa. Hakukosea tena.

Kuna utaratibu mmoja wa karakana ile ninaousifia kwa kila mtu: humwiti mwalimu kabla watu wa ubao wa jirani hawajakukagua. Siku moja tulifunga taa ya swichi moja. Inawaka, inazima, tukapeana mikono. Dada wa ubao wa pili, mkimya sana yule, akazima swichi, akafungua balbu, akagusa ndani ya holda kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka penye umeme. Testa ikawaka. Tulikuwa tumepitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Taa imezimika, lakini umeme umekaa pale pale kwenye holda ukimsubiri atakayepanda kiti kubadilisha balbu. Kesho yake zamu ya kukagua ubao wake ilikuwa yangu, na nilipitia kila skrubu, maana nilishaona jicho la mwenzako linaweza kuokoa nini.

Kasoro zipo. Tulikuwa 18 na mita za kupimia zilikuwa 2, kwa hiyo jioni nyingine tulisubiri kuliko tulivyofanya. Tuliahidiwa kwenda kwenye nyumba inayojengwa mara 4, tukaenda mara 1. Lililoniuma zaidi ni suala la leseni. Cheti cha kozi hakikuruhusu kupokea kazi za watu, lazima uwe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hilo wenzangu walilisikia kozi ikikaribia kwisha, wengine wameshaahidi wateja. Lingesemwa siku ya kujiandikisha. Ukitaka kozi ya namna hii, kabla ya kulipa omba uonyeshwe karakana, uhesabu mbao na mita, na uulize la leseni hapo hapo.

Pamoja na hayo, ningeirudia. Nilipomaliza, nilizima swichi ya chumba wanacholala wanangu, nikagusa holda kwa testa. Ikawaka. Nikashusha breka na kumwita fundi mwenye leseni. Alipomaliza nikamwomba, "Kaka, nipishe nikague." Akanisogezea kiti. Nikapandisha breka, swichi ikiwa imezimwa, nikapanda na testa yangu. Safari hii haikuwaka.