Mgahawa wa Area C unaoonyesha mbio za baiskeli

Anayetaka kutazama mpira jijini Dodoma hakosi pa kwenda, kwa kuwa mabanda umiza yamejaa mitaani na baa nyingi zina runinga zaidi ya moja. Mpenzi wa mbio za baiskeli za barabarani ndiye aliyekuwa hana pake, hadi mgahawa mmoja mdogo wa Area C, ambao mpaka leo haujaweka bango, ulipoanza kuonyesha Tour de France kila Julai. Huwezi kuutathmini mgahawa huo bila kumtaja mwendesha baiskeli Biniam Girmay wa Eritrea, maana yeye ndiye aliyeujaza wateja.

Hatua nyingi za Tour, yaani vipande vya siku moja moja vinavyounda mbio hizo, humalizika karibu na saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, wakati watumishi wanarudi kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, na watu wa mpira wanaanza kuwahi viti. Jumatatu ya Julai 1, 2024, ukumbi ulijaa waliokuja kusubiri Ufaransa na Ubelgiji kwenye Euro, wakakuta skrini imeshikwa na waendesha baiskeli walioondoka Piacenza na sasa wanakaribia Turin, baada ya kilomita zaidi ya 230. Mwenye mgahawa alitia rimoti kwenye mfuko wa aproni na kukataa katakata kuhamisha chaneli. Muda si mrefu Girmay akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, na wale wale waliokuwa wakinung'unika wakaanza kuuliza kijana huyo ametokea wapi.

Hapo ndipo mgahawa huu unapozidi mingine, kwa sababu mwenyewe hujibu maswali hayo bila haraka, huku akikatakata kachumbari. Kwake nimesikia wateja wakielezwa kwamba Girmay alizaliwa Asmara mwaka 2000, akapelekwa kujinoa katika kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia kilichopo Aigle, Uswisi, na kwamba mwaka 2018 alimshinda Mbelgiji Remco Evenepoel katika mbio za vijana. Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Mei 2022. Miezi miwili baada ya kushinda Gent-Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, Girmay alishinda hatua ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, mjini Jesi, akapanda jukwaani, na kizibo cha chupa ya mvinyo aliyokuwa akiifungua kikamruka na kumpiga jicho la kushoto, hata akalazimika kujitoa mashindanoni. Tangu habari hiyo ienee, mhudumu anayefungua mvinyo wa zabibu za Dodoma hutaniwa ageukie ukutani.

Chakula ni kizuri, hasa ugali wa uwele kwa mlenda, ambao hupikwa mzito na wenye karanga za kutosha. Kuku wa kienyeji huchelewa mno. Ni busara kumwagiza zikiwa zimebaki kilomita 60, la sivyo atafika mshindi akiwa ameshavua kofia. Bei ni za kawaida na vyoo ni safi.

Kasoro kubwa iko kwenye siku za milima. Kwa kuwa Girmay hutegemea kasi ya mwisho, siku ambazo hana nafasi ya kushinda skrini hurudishwa kwenye marudio ya Simba na Yanga, na sauti ya mtangazaji huzimwa. Uamuzi huo unawanyima wateja nusu ya kazi ya mtu huyu. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu, akaanguka katika hatua ya 16 iliyomalizikia Nîmes, kisha akalazimika kuivuka milima ya Alps akiwa na majeraha na kufika ndani ya muda uliowekwa, kwani anayechelewa huondolewa na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, humpotea. Aliifikisha jezi hiyo Nice, mbio zilikomalizikia, akiwa Mwafrika wa kwanza kuitwaa, lakini wateja wengi wa Area C hawakuuona mlima hata mmoja.

Kwamba inawezekana kuonyesha mbio nzima bila kuzikatiza ilidhihirika Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mgahawa ulionyesha mbio za wanaume kuanzia mwanzo hadi mwisho, zaidi ya saa sita, sauti ikiwa imefunguliwa, na viti havikubaki. Utaratibu huo huo ungefaa kutumika Julai.